Ami, Katani na Ndoo ya Maji

Kama una ami anayejua kila kitu, usimchokoze kwa mambo ya kamba. Wangu alirudi kutoka Darajani na robota la katani, akaingia Jambiani anatangaza kuwa usumba wa shangazi, yaani nyuzi za makumbi ya nazi, ni wa kufungia kuku. Kisha akatusomea tarehe: katani ililetwa Tanga 1893 na Mjerumani Hindorf, miche iliyosalimika safarini 62 tu, tazameni mashamba iliyozaa! Shangazi, ambaye makumbi yake hufukiwa pwani miezi kadhaa kabla hajayaponda na kuyasokota, alisonya tu.

Mimi niliyesomea mambo ya nyuzi na vitambaa nikafanywa refa. Tukafunga kamba mbili kwenye boriti ya banda, unene mmoja, urefu mita moja, kila moja na ndoo yake ikining'inia shubiri moja juu ya ardhi. Kipimo, tepu ya fundi cherehani. Mzigo, maji: lita moja ni kilo moja, hapo hakuna ubishi.

Usumba ukaanza kurefuka. Kopo, unashuka, kopo, unashuka. Unyuzi wake huweza kurefuka hata asilimia 30 kabla ya kukatika. Wa katani 2 au 3, basi. Ndoo ya shangazi ikateremka kwa madaha kama bibi harusi, ikatua chini, ikatulia.

"Imeshindwa!" ami akapiga ukelele.

"Imekatika wapi?" akauliza shangazi.

Ya katani ilijaa pomoni, haikutikisika. Haki yake tumpe: kwa nguvu peke yake, katani inauacha usumba mbali. Angeishia hapo, angekuwa bingwa. Lakini Ijumaa ile, kanzu imepigwa pasi, ami akaikumbatia ndoo na kuruka miguu juu. "Haya, nipimeni na mimi!"

Usumba ungenesa, ukaumeza ule mshtuko. Katani haijui kunesa, wala haikutoa onyo. Paa! Ami chali, ndoo usoni, lita 20 zote ndani ya kanzu. Kuku walihamia kwa jirani.

"Imekatikia kwenye fundo," ikatoka sauti ndani ya ndoo.

Nikamtetea. Hata maabara, uzi ukikatikia kwenye kibano kinachoushika, kipimo hicho mara nyingi hutupwa, kwani kilichouponza ni kibano.

"Mmesikia? Basi turudie!"

"Turudie, kaka'angu," akasema shangazi, akimsukumia ndoo kwa mguu. "Maji kateke mwenyewe."