Bahasha Moja, Wenyewe Tisa

Bahasha ya kaki ilikuwa imejibana kati ya kiti na ubavu wa matatu, tunatoka Likoni kwenda Ukunda. Nimeivuta tu, makanga kanipokonya. Akachungulia kwa juu, akapitisha kidole kwenye kingo za noti za kahawia, akapayuka: "Ngiri kumi! Nani kaangusha shilingi elfu kumi?"

Hapo ndipo mambo huharibika. Pesa ya kuokota haitangazwi kwa kiasi chake. Unasema kuna kitu kimeokotwa, basi. Anayedai ndiye ataje ni nini, kiasi gani, noti zipi, zimefungwa kwa nini. Makanga alishatugawia majibu ya mtihani. Abiria 14, wenye pesa wakawa 9.

Kijana wa mbele alidai ni karo ya mdogo wake. Kuulizwa shule gani, akasema bado wanatafuta. Mzee mmoja, mwenye haya kidogo, alidai nusu tu.

Maalim aliyekaa nyuma akakohoa. "Mafundisho ya Mtume ni kuutambua mfuko na kamba yake, kisha utangaze mwaka mzima. Haya, ndani zimefungwa na nini?"

"Raba!" "Leso!" "Stepo!"

Nikachungulia: uzi mwekundu wa cherehani.

"Ndiyo, uzi!" akadakia mama mmoja. "Rangi tu ndiyo siijui, nilifunga usiku."

Makanga akaninong'oneza tugawane. Nikamwambia kifungu cha 268 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kinamwondolea mwokotaji hatia ya wizi ikiwa hamjui mwenye mali na ana sababu za maana za kuamini hapatikani. Sisi tunao wenyewe tisa, tena wanapiga kelele. Wizi wa kawaida ni hadi miaka mitatu, kifungu cha 275. Makanga akaona heri dereva akate kona kituo cha polisi.

Kituoni unadai vitu vitatu: nambari ya OB (kitabu cha matukio cha polisi), jina la afisa, na noti zihesabiwe mbele yako, ziandikwe aina na idadi. Afande akakata uzi, akazikunjua mezani, wale tisa wamemzunguka.

Noti zote kumi zilikuwa za zamani, zile zenye picha kubwa ya Mzee Kenyatta. Za 50 hadi 500 za aina hiyo bado hupokelewa. Ya 1,000 peke yake ilikufa tarehe 1 Oktoba 2019.

"Haya, mwenyewe nani?" afande akauliza.

Yule mama akakumbuka kwamba yeye huweka pesa kwenye simu. Kijana alishafika mlangoni. Mzee akasema hata ile nusu ameisamehe.

"Na mafuta ya kuja huku analipa nani?" dereva akauliza.

Vidole tisa vikanielekea. "Si huyo mwenye bahasha!"