Safari ya kuzamia Mnemba ipangwe na maji, si na saa ya chai

Kwenye kaunta za hoteli nyingi za kaskazini mwa Unguja, safari ya kuzamia ya nusu siku ina ratiba moja: kuondoka saa mbili asubuhi, mbizi mbili Mnemba, kile kisiwa kidogo chenye mwamba mbele ya Matemwe, kurudi chakula cha mchana kikiwa bado cha moto. Ratiba hiyo haibadiliki mwezi mzima. Bahari nayo husogeza saa zake kwa karibu dakika 50 kila siku. Ndiyo maana wageni wa Jumatatu hutoka majini wakicheka, na wa Jumatatu inayofuata, kwenye mwamba uleule na kwa bei ileile, hutoka wamechoka, mitungi ya hewa imeisha na hawakuona kitu. Wanaambiwa bahari ilikuwa mbaya. Bahari haikuwa na kosa, walipelekwa saa isiyo yake.

Hesabu yenyewe mvuvi wa Matemwe anaijua bila jedwali. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mchanga au mpevu, maji ya Unguja hujaa mnamo saa kumi au kumi na moja alfajiri, kisha yanatoka mpaka yanakupwa kabisa saa nne au saa tano asubuhi. Tofauti kati ya kujaa na kupwa hufika karibu mita 4. Boti iliyoondoka saa mbili inafika maji yakiwa katikati ya kutoka, na hapo ndipo mkondo una nguvu zake zote. Isitoshe, maji hayo yanayotoka yamelala usiku kucha juu ya mchanga na mwani wa ndani ya mwamba, kwa hiyo yamebeba taka na vumbi, na uwezo wa kuona unapungua. Mgeni analipia saa mbaya kuliko zote za mchana huo.

Juma moja baadaye, maji mafu, mambo yanageuka. Maji hujaa karibu na saa nne asubuhi, yakiingia taratibu kutoka bahari kuu, safi, na tofauti ya kujaa na kupwa ni ndogo. Hizo ndizo asubuhi za kuondoka saa mbili. Siku za bamvua ondoka saa nne, zamia saa tano au sita maji yanapoanza kurudi. Hakuna ufundi wa ajabu hapo.

Wenye biashara wana jibu lao, na si jibu la kupuuzwa. Upande wa Matemwe na Muyuni, bamvua likikupwa boti haifiki ufukweni. Mgeni anatembea mamia ya mita juu ya mwani na mawe. Sasa ukiondoka saa nne, nani atabeba mitungi umbali huo? Jibu ni kupakia mapema. Saa moja asubuhi maji bado yapo, kwa hiyo mitungi, risasi (vile vipande vya uzito vya kumzamisha mtu) na majaketi ya kujazwa hewa yapakiwe wakati huo na boti itolewe nje ikasubiri penye kina. Wageni waje baadaye kwa miguu, mikono mitupu, wamevaa viatu vyenye soli ngumu, maana miiba mirefu myeusi ya wale viumbe wa mwambani (sea urchin) haisamehi malapa. Mabaharia wawili watasubiri botini kwa muda wa saa mbili au tatu, na walipwe kwa kusubiri huko. Kuhusu chakula cha mchana, jikoni wakiambiwa jana yake wanaweka.

Tahadhari moja kwa anayeshika jedwali la maji kama msahafu: jedwali linasema maji yanajaa saa ngapi, halisemi mkondo unasimama saa ngapi. Kwenye mwamba hizo ni saa mbili tofauti. Zaidi ya hapo, mkondo mkubwa wa pwani ya Afrika Mashariki huelekea kaskazini mwaka mzima, na kipindi cha kusi, Juni hadi Septemba, huongeza nguvu, kwa hiyo upande wa nje wa Mnemba maji hayasimami moja kwa moja hata siku nzuri. Nahodha mwenye jicho hutazama kamba za boti zilizotia nanga, zimelala upande gani na zimekazwa kiasi gani. Kisha baharia mmoja anaingia majini na miwani tu, anashika kamba ya nyuma ya boti, anaangalia chini. Dakika mbili. Boti isiyofanya hivyo inabahatisha na watu wake.

Ni wapi pa kuanzia, hapo nina ubishi na desturi. Desturi ni kwenda kina kirefu kwanza, kifupi baadaye, kwa hiyo wageni hupelekwa kwanza sehemu ya Mnemba iitwayo Kichwani, ambako mwamba umeshuka kama ukuta na mkondo unakuchukua, halafu ndipo Wattabomi penye mteremko mpole na mchanga. Kwa kundi ambalo divemasta, yaani kiongozi wa mbizi, hajawahi kuliona majini, mpango huo ni wa kichwa chini miguu juu. Anza Wattabomi, mita 12 mpaka 15, juu ya mchanga ambako mtu akiyumba haharibu tumbawe wala hapotei. Kichwani iwe ya pili, na mwisho uwe mita 18. Wanaoogopa kwamba kina kirefu hakifuati kifupi wakumbuke kwamba wataalamu waliokutana Taasisi ya Smithsonian huko Marekani mwaka 1999 hawakuona sababu ya kupiga marufuku mpangilio huo kwa mbizi zisizohitaji vituo vya lazima wakati wa kupanda, zisizofika mita 40, ikiwa tofauti ya vina haizidi mita 12. Hapa tofauti ni mita 3 mpaka 6. Upande wa mashariki, kwenye ule ukuta mkubwa unaoitwa Big Wall, ni habari nyingine: si mahali pa siku ya kwanza ya likizo.

Sababu ya kuanza pepesi ni kwamba kadi ya uzamiaji haiishi muda. Mtu aliyefuzu mwaka 2009 akazama mara nne tu tangu hapo, kadi yake inang'aa sawa na ya anayezama kila wiki. Swali la kaunta lisiwe "umezama mara ngapi?", bali "mara ya mwisho lini, wapi, na ulivaa nini?" Zaidi ya mwaka mmoja, aanzie kwenye maji ya kifuani: kutoa maji kwenye miwani, kutafuta regulata, kile kifaa cha kupumulia, iliyomtoka mdomoni, kupumua kwa mwenzake. Robo saa inatosha. Aulizwe pia anakunywa dawa gani. Aliyekuja na mefloquine ya kujikinga na malaria asizame, kwa kuwa dawa hiyo huleta kizunguzungu na wasiwasi mkubwa, na dalili hizo chini ya maji hazitofautiki na ugonjwa wa kuzamia, ule unaoletwa na mapovu ya gesi mwilini.

Lile swali la "ulivaa nini" linahusu risasi, na risasi ndizo zinazoharibu mbizi nyingi kuliko mkondo. Aliyejifunza kwenye ziwa baridi la Ujerumani kwa suti ya milimita 7 anakumbuka namba yake ya huko na kuitaja kwa kujiamini. Hapa maji ni nyuzi 25 Agosti na karibu 29 Machi, suti ni milimita 3, maji ni ya chumvi, mtungi ni wa aluminiamu. Namba yake ya zamani haina kazi. Divemasta naye, kwa kuhofia mgeni kuelea mwishoni, anamwongezea kilo 2 "za usalama". Matokeo yake unayaona ukiwa chini: jaketi limejazwa hewa ili kubeba uzito wa ziada, kifua juu, miguu chini, mapezi yanalima matumbawe, na mtu anahema kwa sababu kila pigo la mguu linasukuma mwili uliosimama wima. Ataishiwa hewa dakika 10 kabla ya wenzake, na kundi zima litapanda kwa ajili yake.

Hewa ina uzito. Mtungi wa lita 11 wenye bari 200 za shinikizo umebeba lita 2,200 za hewa, zaidi ya kilo 2.5. Ukibaki na bari 50, kama kilo 2 zimeondoka. Kwa hiyo uzito sahihi ni ule utakaokutosha mwisho wa mbizi, kwenye mita 5 unapotulia dakika 3 kabla ya kuibuka, jaketi likiwa tupu. Jipime hivi: kando ya boti, toa hewa yote kwenye jaketi, simama wima bila kupiga miguu, shika pumzi ya kawaida. Maji yafike usawa wa macho. Ukitoa pumzi uanze kuzama polepole. Ukipima na mtungi uliojaa, ongeza kilo 2 juu ya kilichopatikana. Mtu wa kilo 75 mwenye suti ya milimita 3 aanze kujipima na kilo 5. Shikilia kamba wakati wa kupima, usije ukasukumwa mpaka kwenye boti ya jirani.

Kwenye hewa, fanya hesabu badala ya kusikiliza sifa. Mtu mtulivu hutumia kama lita 20 kwa dakika akiwa juu. Chini, kwa shinikizo la maji, lita hizo zinageuka 44 kwenye mita 12, na 56 kwenye mita 18. Kwa bari 150 za kutumia, lita 1,650 hivi, anapata dakika 37 kule na dakika 29 huku. Anayehangaika na mkondo huongeza nusu yake au zaidi. Kwa hiyo safari inayotangaza "dakika 60 chini" kwa kila mgeni inatangaza jambo ambalo mtungi hauna.

Na kuna ukaguzi mmoja unaorukwa kila siku. Washa hewa, weka regulata mdomoni, vuta pumzi tatu nzito huku macho yako kwenye geji ya hewa ya mtungi. Sindano isitikisike. Ikishuka kila unapovuta na kurudi unapoachia, koki haijafunguka vizuri: kuna mtu aliifunga kisha akaizungusha robo tu. Juu ya boti utapumua bila shida. Mita 15, ambako kila pumzi inahitaji hewa mara mbili na nusu, itakuwa kama umezibwa, na geji itaonyesha mtungi umejaa. Mwenzako ndiye anayefika koki ya mgongoni, basi mkaguane kabla ya kukaa ukingoni, si baada.

Divemasta mmoja asipewe zaidi ya wageni 4 mahali pa mkondo, na kila mgeni awe na boya lake la kujaza hewa. Juu ya Mnemba kuna boti za wazamiaji, za waogeleaji, na zile zinazofukuza pomboo huku na huku kama daladala zinazogombea abiria, jambo ambalo lingepaswa kukomeshwa kwenye eneo lililotangazwa hifadhi tangu 2002. Mzamiaji anayeibuka bila boya katikati ya zogo hilo anategemea huruma ya pangaboi. Boya lipande kutoka mita 5, kabla yako.

Kisha uliza oksijeni, na usiridhike na "ipo". Omba kuiona, na uombe kuona geji yake. Mwenye dalili za ugonjwa wa kuzamia hupewa oksijeni kwa lita 15 kwa dakika. Kichupa cha lita 2 chenye bari 200 kina lita 400, ambazo ni dakika 27 bila kubakiza. Boti ya mbao ya kurudi Nungwi kutoka Mnemba inachukua saa moja na zaidi. Kinachotosha Matemwe, ambako ufukwe uko karibu, hakitoshi Nungwi. Uliza vilevile chemba ya shinikizo ya kutibia ugonjwa huo iliyo karibu ni ipi, na nani alipiga simu mara ya mwisho kuhakikisha inafanya kazi.

Ratiba ya maji ina gharama moja ambayo lazima isemwe kaunta, siyo botini. Ushauri unaofuatwa na wazamiaji ni kusubiri saa 18 kabla ya kupanda ndege, kuepuka ugonjwa huohuo, kwa aliyezama zaidi ya mara moja. Aliyemaliza mbizi ya pili saa sita mchana anaweza kuruka saa kumi na mbili asubuhi ya kesho yake. Ukimchelewesha kwa ajili ya bamvua akamaliza saa nane, inakuwa saa mbili asubuhi, na huenda tiketi yake ni ya saa moja. Huyo apewe siku nyingine, au mbizi moja inayoisha mapema kadiri maji yanavyoruhusu: baada ya mbizi moja tu inatakiwa saa 12. Ndege ndogo ya kwenda Dar es Salaam ihesabiwe vilevile, kwani inapanda juu na kabini yake haishindiliwi hewa. Anayeondoka kwa boti ya baharini hahusiki na hesabu hiyo.