Nyota tano hazisemi ni toleo lipi limeharibika

Mwaka 2009 PyPI, ghala kuu la vifurushi (misimbo iliyotayarishwa ili wengine waitumie) vya lugha ya programu ya Python, liliruhusu watumiaji kuvipa vifurushi alama na kuviandikia maoni. Wasanidi wengi walipinga, na baadaye utaratibu huo ukaondolewa. Naona ilikuwa sahihi kuuondoa.

Tatizo kubwa ni matoleo. Ukiunganisha nyota, yaani alama hizo, na mradi mzima, mtu aliyekwazwa na hitilafu ya toleo la 1.2 anaendelea kuushusha mradi hata baada ya 1.2.1 kuirekebisha. Ukiziunganisha na toleo, kila toleo jipya linaanzia sifuri, na kura mbili tatu hazimwongozi mtu. Halafu kuna yule anayeandika "haifanyi kazi" na kuondoka. Hakutaja toleo la Python, hakutaja mfumo endeshi, wala hakunakili ujumbe wa kosa. Hapo msanidi atarekebisha nini? Taarifa ya namna hiyo mahali pake ni kwenye ukurasa wa hitilafu wa mradi, ambako inajadiliwa, inarekebishwa na kufungwa.

Usalama ndio unaoniumiza zaidi. Mwaka 2018 kifurushi cha event-stream cha npm, ghala la vifurushi vya JavaScript, kilichokuwa kikipakuliwa takriban mara milioni 2 kwa wiki, kilikabidhiwa msimamizi mpya. Akakiongezea kitegemezi kimoja (kifurushi kingine kinachosakinishwa pamoja nacho), flatmap-stream, na ndani yake ukafichwa msimbo wa kuiba bitcoin kwenye pochi ya Copay. Nyota za miaka yote ya nyuma zingeendelea kung'aa juu ya toleo lenye sumu.

Nakubali kwamba mgeni mbele ya vifurushi kumi vya kazi moja anahitaji msaada. Basi aangalie tarehe ya toleo la mwisho, idadi ya vitegemezi, na kama hitilafu zinajibiwa. Ghala liyaweke hayo juu kabisa ya ukurasa.

Onyo nalo limfikie mtu wakati anasakinisha. PyPI humruhusu msanidi kutia alama ya "yanked" (limeondolewa) kwenye toleo bovu na kuandika sababu; pip, programu ya kusakinisha vifurushi vya Python, hulikwepa, isipokuwa umelitaja toleo hilo hasa kwa ==. Kwa npm, amri ya npm deprecate hutoa onyo wakati wa kusakinisha. Kwa udhaifu wa usalama uliokwisha kuripotiwa, sakinisha pip-audit, programu ya kukagua vifurushi vya Python, kisha endesha amri hii kwenye faili inayoorodhesha vifurushi vya mradi wako:

pip-audit -r requirements.txt

Itakutajia kifurushi, toleo lake, na toleo lenye marekebisho ikiwa lipo.