Ondoka ukiwa juu? Mi sikubali

Jumapili ya tarehe 14 Julai 2019, pale maskani yetu Kibokoni, Mombasa, kulikuwa na tivii moja na vita viwili. Fainali ya Wimbledon ilianza saa kumi na kitu alasiri, Federer na Djokovic, na wale wenzetu wa mpira walikuwa wangojea saa moja usiku manake Senegal na Tunisia walikuwa na nusu fainali ya AFCON kule Cairo. Watu wa tenisi tulikuwa wanne, mmoja ni ami yangu. Watu wa mpira sikuwahesabu, walijaa mpaka barabarani. Ikaadhiniwa maghrib tukaenda tukaswali tukarudi, wale wawili bado wapo tu wanapigana. Saa moja ikafika, bado. Rimoti ikapokonywa, ikarudishwa, ikapokonywa tena, mpaka muuza kahawa akachoka akasema tivii ni yangu na mukiendelea nazima, mukatazame kwenu. Basi tukawa twatazama kipande huku kipande kule. Senegal wakakosa penalti, Tunisia nao wakakosa penalti, usiku ule kila mtu alikuwa anakosa.

Halafu ikafika ile 8-7 seti ya tano. Federer anasevu, yaani ndiye anayeanzisha mpira, 40-15. Mechi pointi mbili. Mtu amebakisha wiki chache tu atimize miaka 38 na ataka pointi moja, moja tu, abebe kombe. Zote mbili zikaenda. Mechi ikaenda mpaka 12-12, ikaingia taibreki, ile gemu ya kuamua, Djokovic akaichukua. Walicheza masaa manne na dakika 57. Na walipokuja kuhesabu, Federer ndiye aliyeshinda pointi nyingi, 218 kwa 204 za Djokovic, na bado akarudi nyumbani na sahani ya mshindwa. Huo mchezo una dhulma wallahi.

Sasa pale barazani kuna bwana mmoja mjuzi wa kila kitu, kila maskani lazima iwe na wake, akainua kikombe akasema huyu angeondoka zamani, mchezaji wa maana huondoka akiwa juu. Watu wote wakatikisa vichwa. Mwengine akaongeza ngoma ikivuma sana hupasuka, na ikawa imepita hivo kama hukumu ya kadhi. Ami yangu hakusema kitu, akamaliza kahawa yake, akala kipande cha kashata kilichobaki.

Mi tangu siku ile nalibeba hili neno moyoni na leo nataka kulitua. Ondoka ukiwa juu ni raha ya mtazamaji. Sisi ndio twataka picha nzuri ya mwisho, bingwa amebeba kombe analia, tuiweke kichwani tusisumbuliwe tena. Yeye mchezaji picha ile haimfai kitu asubuhi ya pili yake, akiamka saa kumi na moja alfajiri kwa mazoea ya miaka 20 na hana pa kwenda.

Munajua vile tenisi ilivyo? Kwenye mpira, timu yetu ya Bandari wakiwa mbele moja bila dakika ya 85, wataenda pale konani wakalie mpira, golikipa ataanguka ashike mguu, refa ataangalia saa, mechi itakwisha. Kwenye tenisi hakuna saa ya kukuokoa. Unaongoza 6-0, 5-0, 40-0, na bado ile pointi ya mwisho lazima uipige mwenyewe, hakuna anayeingia badala yako, hakuna sare. Kwa hivo mtu aliyeishi humo ndani tangu utotoni, kupoteza kwake sio kitu cha ajabu. Mwaka 2024 mwezi wa Juni huyo huyo Federer alialikwa chuo cha Dartmouth kule Marekani awape nasaha wanaomaliza masomo, akawaambia kwenye mechi 1,526 za singo, mtu mmoja kwa mmoja, alizocheza maishani alishinda karibu asilimia 80, halafu akawauliza, pointi je, mwadhani nimeshinda asilimia ngapi? Ni 54. Hamsini na nne! Mtu ana Grand Slam 20, yale makombe makubwa kabisa ya tenisi, na kwenye kila pointi mia amepoteza 46. Karibu nusu ya kazi yake ilikuwa ni kukosa, kugeuka, kupanguza jasho na kungojea mpira mwengine. Sasa mtu kama huyo wewe uliyekaa na kikombe chako wamwambia aondoke ili asije akashindwa? Anakujua kushindwa kuliko unavyomjua mkeo.

Na kuna hili neno kustaafu. Neno hili asili yake Kiarabu, ni kuomba upewe ruhusa ya kuachia kazi, na ndani yake mna ile afu, ile msamaha. Ukilitazama vizuri ni kama mtu anaomba radhi kwamba naondoka. Ami yangu alistaafu bandarini mwaka 2004 akiwa na miaka 55, akapewa barua, akapewa na sherehe na soda. Alijua anaomba ruhusa kwa nani, kulikuwa na ofisi na muhuri. Bingwa wa tenisi yeye anaomba ruhusa kwa nani? Nadhani ndo maana wengi wao neno lenyewe hawalipendi. Federer pale Dartmouth alisema yeye hakustaafu, amehitimu tenisi. Serena Williams Agosti 2022 alisema hajawahi kulipenda hilo neno, akasema yeye anageuka tu kuelekea mambo mengine. Watu wakamcheka, ati anacheza na maneno. Lakini muulize mtu yeyote wa Mombasa aliyepewa ile barua kama neno lile lilimwingia vizuri.

Na huyo Serena mechi yake ya mwisho munaikumbuka? US Open, Septemba 2022, raundi ya tatu, na Ajla Tomljanović wa Australia. Miaka 40, mama wa mtoto, Grand Slam 23 kabatini, yuko chini 5-1 seti ya tatu. Angeuachia tu mpira upite, nani angemlaumu? Akazuia mechi pointi tano. Tano! Ya sita ndo ikammaliza. Mi niliitazama kwa simu bando ikiniishia, na nakwambia zile dakika kwangu zina thamani kuliko makombe yake mengine kumi. Wazee wetu walisema asiyekubali kushindwa si mshindani, na mi siku zote nilidhani maana yake ni kutolalamika ukifungwa. Siku ile nikaona ni zaidi ya hapo, ni kukubali kwenda mahali ambapo waweza kushindwa mbele ya watu.

Najua mutaniletea Pete Sampras. Wa maskani humleta kila siku. US Open 2002 alimpiga Agassi kwenye fainali, Grand Slam yake ya 14, na hakucheza tena mechi ya mashindano, safi kama filamu. Sawa, lakini watu wasahau kitu kimoja, Sampras hakutangaza siku ile. Alitangaza Agosti 2003, karibu mwaka mzima baadaye, na katikati hapo alikuwa ajiandikisha mashindano anajitoa, ajiandikisha tena anajitoa tena. Yaani hakuondoka akiwa juu kwa kupanga, alikaa mwaka mzima angojea hamu irudi na haikurudi. Hiyo mi naiheshimu. Sisi ndo tulioipaka rangi tukaiita hekima.

Au Björn Borg. Wimbledon tano mfululizo, 1976 mpaka 1980, Roland Garros ya Ufaransa sita. 1981 McEnroe akampokonya Wimbledon, miezi michache baadaye akampiga tena fainali ya US Open, Borg akatoka uwanjani hata sherehe za kombe hakungojea. Januari 1983 akatangaza basi, ana miaka 26. Ishirini na sita! Hapa kwetu kijana wa 26 bado amtumia mamake aende akamposee. Dunia nzima ikasema aah ameondoka kijana, heshima yake imebaki. Haya, 1991 yule pale Monte Carlo, amerudi, na raketi ya mbao wakati wenzake wote washahama mbao zamani, akapigwa na Jordi Arrese seti mbili kavu. Akajaribu tena miaka miwili mbele na hakushinda hata mechi moja. Watu walimcheka sana. Mi hainichekeshi, maanake naona mtu aliyeacha kitu hakijaisha ndani yake, kikamrudia.

Ila nisidanganye, yuko mmoja anayenivunjia hoja yangu yote. Ash Barty. Machi 2022, namba moja duniani, ana miaka 25, ametoka kushinda Australian Open ya kwao miezi miwili nyuma, akasema nimemaliza, sina tena cha kutoa. Na hajarudi. Lakini huyu alikuwa ashaacha mara moja kabla, 2014, akaenda kucheza kriketi, akarudi kwa hiari yake. Labda ndo maana alijua njia ya kutoka iko wapi. Sina jibu zuri juu yake, namwacha.

Turudi kwa ami, manake haya yote nayasema juu ya Federer lakini mwenye kesi ni mimi.

Ami alijifunza tenisi kwa kuokota mipira. Zamani vijana wa mtaani waliingia kwenye hizo klabu kwa mlango huo tu, kuokotea wakubwa mipira kwa senti kidogo, na wakiondoka wakubwa jioni ndo wapige kidogo na raketi iliyokatika nyuzi. Akawa mzuri. Sio mzuri wa kwenda Wimbledon, mzuri wa kuwapiga wenye klabu mpaka wakamkasirikia. Bekihendi yake ya mkono mmoja ilikuwa ikikata mpira ukitua haunyanyuki, wateleza tu kama sabuni. Kila Jumamosi alivuka feri kutoka Likoni, raketi ameifunga kwenye kanga kuukuu ya mkewe, kofia kichwani, utadhani aenda sokoni.

Mwaka 2017 alikuwa na miaka 68. Akacheza na kijana wa miaka 14, mtoto wa Tudor, mwembamba, mkimya. 6-0, 6-0. Mi nilikuwa kwenye benchi na kulikuwa na watu, kuna waliocheka. Ami akaenda kwenye neti akampa mkono, halafu akamwambia, mwanangu, tupige seti nyengine. Yule mtoto akanitazama mimi, kama kuniuliza nifanye nini. Nikasema basi ami, twende. Kwenye matatu nikamwambia yale yale ya maskani, ami wataka nini tena, jina unalo, hawa watoto watakuaibisha. Hakubishana. Akasema, haya, kama munaona hivo.

Akaacha. Miezi mitatu. Kila alasiri yuko barazani, akaanza kuzungumza presha na sukari kama wenzake, akaanza kutembea taratibu bila kuwa na ugonjwa wowote. Simu ikaja kwa mke wa ami, yule yule aliyelalamika miaka 30 juu ya soksi chafu. Akanambia, wewe si ndiye uliyemkataza? Basi njoo umrudishe huko kwenye tenisi yenu, siku nzima yuko jikoni mwangu, asubuhi anakosoa chai, mchana anakosoa wali, mimi ntarudi kwetu.

Nikaenda nikamuomba radhi. Yeye akacheka tu, akaitoa raketi mvunguni. Jumamosi ile akapigwa tena, 6-1, na ile gemu moja aliizungumza wiki nzima.

Kwa hivo usiku ule wa 2019 tulipotoka maskani, Mahrez wa Algeria ashamaliza mambo yake na Nigeria kwenye nusu fainali ya pili kwa ile friki ya dakika za mwisho, watu wapiga kelele kote Mji wa Kale, nikamuuliza ami, wewe waonaje, Federer angeondoka? Akatembea kidogo. Akasema, wale mabwana wahesabu zile pointi mbili alizokosa. Mimi naangalia ni wazee wangapi wa miaka 37 waliokuwa pale kuzikosa.

Andy Murray ndiye anayenikumbusha ami kuliko wote. Januari 2019 alilia mbele ya waandishi Melbourne, nyonga imekwisha, watu wakamuandikia tanzia. Akawekwa chuma kwenye nyonga, Oktoba mwaka ule ule akashinda mashindano Antwerp, akaendelea miaka mitano mengine akipigwa na watu ambao zamani wasingemgusa. Mwisho wake ulikuwa Olimpiki ya Paris 2024, dabo, wawili kwa wawili, yeye na Dan Evans, raundi ya kwanza wakazuia mechi pointi tano wakashinda, robo fainali wakatolewa na Wamarekani. Akaandika kwenye mtandao kwamba tenisi yenyewe hata hakuwahi kuipenda. Nilimsomea ami, akacheka mpaka akakohoa.

Ami sasa ana 76. Goti la kulia limekataa, daktari amekataa, na mkewe safari hii ameungana na daktari. Wiki jana nilipita Likoni kumjulia hali nikamkuta kwenye kibaraza amekaa kwenye mkeka, ameivua raketi gripu ya zamani na anaizungushia mpya, taratibu, ulimi nje kama mtoto wa chuoni anayeandika alifu. Nikamwambia ami, hiyo wamwekea nani? Hakuinua kichwa.

"Jumamosi una kazi gani?"