Mdhamini wa Utafiti wa Tiba: Bure Hadi Wapi?

Shirika la hisani linalofadhili utafiti wa tiba huwa na wadhamini: watu walioshika amana ya fedha za wachangiaji, wanaoidhinisha bajeti na kuulizwa mambo yakiharibika. Nchini Uingereza, mdhamini kwa kawaida halipwi. Hurudishiwa nauli na gharama zake, na zaidi ya hapo lazima pawe na idhini ya kisheria.

Sisi wa Malindi, pwani ya Kenya, jambo hili linatuhusu. Kituo cha utafiti cha KEMRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa tiba, na Wellcome, shirika la hisani la Uingereza, kiko Kilifi tangu 1989, na watoto wa Kilifi walishiriki majaribio ya RTS,S, chanjo ya malaria iliyopendekezwa na Shirika la Afya Duniani (WHO) mwaka 2021.

Wanaotaka mdhamini asilipwe wana hoja nzito. Fedha hizi mara nyingi ni za mtu aliyefiwa, aliyetoa alichonacho ili ugonjwa ule usiue mwingine. Posho zikiingia, vikao huongezeka na ajenda hupungua. Kamati za namna hiyo tunazijua. Tena anayekula kwenye meza ya mkurugenzi huona haya kumkatalia.

Lakini kazi ya bure nayo huchuja watu. Anayeweza kuacha shughuli zake siku nzima ni mstaafu, wakili, au daktari mwenye zahanati yake. Mama muuza samaki wa mtaa wa Shela hapa Malindi hawezi, mashua zikiwa zimeingia. Na huenda mwanawe ndiye aliyetolewa damu ya utafiti.

Je, atachangia nini asiyesomea sayansi? Kupima ubora wa utafiti ni kazi ya wanasayansi wa nje wanaopitia maombi. Mdhamini hutazama mengine. Chukua mstari mmoja wa bajeti: dizeli ya jenereta. Sampuli huhifadhiwa kwenye friji za nyuzi 80 chini ya sifuri. Mhasibu ataona pa kubana matumizi. Mkazi wa mtaa wetu wa Barani, aliyezoea stima kupotea, atauliza: jenereta isipowaka saa nane za usiku, nani anapigiwa simu, na anakaa wapi? Mimi nataka mtu huyo awe kikaoni.

Mizani tunayo. Aya ya 6 ya Sura An-Nisaa, kuhusu msimamizi wa mali ya yatima, inamtaka tajiri ajizuie na inamruhusu fukara ale kwa kadiri ya ada. Na hata Wellcome Trust, wafadhili wakubwa wa utafiti wa Kilifi, huwalipa magavana wake, ambao ndio wanaofanya kazi ya wadhamini.

Basi nauli ilipwe siku ileile ya kikao, si baada ya miezi, na asiye na mshahara afidiwe kibarua alichokosa. Kiwango kipangwe na wasiofaidika nacho, kionekane kwenye hesabu za mwaka. Shirika lililosajiliwa Uingereza litahitaji kibali, maana fidia ya kibarua huko huhesabiwa kuwa malipo. Likiombe.