Kabla ya Kumpakata

Binti yangu alirudi shuleni Ijumaa moja ya mwezi wa nne akiwa amelowa hadi soksi, mikono ameikunja kifuani. Kabla hajavua viatu, sweta ikalia. Ndani yake kulikuwa na kijibwa wa rangi ya udongo, mbavu zinahesabika na tumbo limejaa kama ngoma. Alikuwa amemwokota nyuma ya bucha, karibu na steji, hapa hapa Uthiru, viungani mwa Nairobi, tunapoishi.

"Mama, usimrudishe," akasema. "Amenifuata mwenyewe."

Sikumrudisha. Ila pia sikukubali aingie naye ndani, na hilo ndilo lililonikosanisha na nyumba nzima kwa siku mbili. Mbwa koko anastahili makao, na anayemwokota mtoto wa mbwa kwenye mvua nampenda hata kabla sijamjua. Lakini wengi wetu mjini humu huanzia mwisho. Tunampa jina, tunampakata, tunamlaza na watoto, halafu mwezi ukiisha ndipo tunauliza habari za daktari. Mimi nasema atengwe kwanza, wiki mbili kamili, na asiwepo wa kukuambia kwamba una roho mbaya.

Nina sababu. Miaka iliyopita, nilipokuwa bado kwa wazazi wangu Dagoretti, tulimwokota mwingine wa namna hii, tukamweka moja kwa moja pamoja na mbwa mchanga tuliyekuwa naye. Siku ya nne yule mgeni akaanza kutapika. Siku ya tano akaharisha damu, yenye harufu ambayo mtu akishaikuta mara moja haisahau. Tulikimbilia duka la dawa za mifugo, muuzaji akatupa sindano aliyosema inatibu kila kitu, pasipo hata kumwona mnyama. Kabla ya wiki kuisha tulichimba mashimo mawili chini ya mparachichi. Ilikuwa parvo. Virusi vyake huingia kwa kinyesi, hushika kwenye viatu, sakafu na bakuli, na vinaweza kukaa ardhini miezi mingi vikingoja mbwa mwingine asiyechanjwa. Sabuni ya kawaida haiviui. Kipimo kimoja cha Jik, ile dawa ya klorini ya kufulia nguo nyeupe, kwa vipimo 20 vya maji, kikiachwa dakika kumi juu ya sakafu iliyokwisha kusafishwa, kinaviua. Hayo niliyajua baada ya mashimo, na ndiyo maana nayaandika.

Basi safari hii kijibwa alienda stoo ya nyuma. Tulimwekea katoni iliyotandikwa magazeti na leso kuukuu, bakuli lake mwenyewe, na ndara ambazo mtu huvaa akiingia na kuvua akitoka. Usiku wa kwanza alilia hadi saa nane. Nilimtilia maji ya moto kwenye chupa ya plastiki, nikaifunga kwa kitambaa, nikamlaza nayo ubavuni, akanyamaza. Hapa naomba msikilize vizuri, kwa sababu baridi ya mwezi wa saba haiko mbali: msimwekee jiko la makaa kwenye stoo iliyofungwa. Hewa ya sumu ya makaa haina harufu, na itamuua yeye na yeyote atakayelala karibu naye.

Kuhusu viroboto, kuna jambo moja nililolifanya ambalo sijaona likisemwa sana. Ukimmwagia maji kuanzia mgongoni, viroboto hukimbilia usoni, wakajificha masikioni na kando ya macho. Kwa hiyo anza na shingo. Nilimzungushia povu zito la sabuni shingoni kama kola, ndipo nikashuka mgongoni kwa maji ya uvuguvugu, nikichana kwa kitana chenye meno ya karibu karibu na kukichovya kila mara kwenye kikombe cha maji ya sabuni. Maji ya beseni yaligeuka rangi ya chai. Hiyo ni damu yake, iliyotoka kwenye uchafu wa viroboto. Nikamfunua mdomo nitazame ufizi: ulikuwa mweupe, hauna ile rangi ya waridi inayotakiwa, maana damu ilikuwa imempungua. Kijibwa mwenye hali hiyo asiogeshwe asubuhi na jioni. Mwogeshe mara moja, mkaushe upesi, mpe joto.

Naomba pia tuache zile dawa za mtaani. Dawa ya kuogeshea ng'ombe si ya mtoto wa mbwa, na oili chafu ya gari haiponyi ukurutu, inamchoma ngozi na kumtia sumu anapojilamba. Vidonge vyetu vya maumivu ni vivyo hivyo. Na kama nyumba ina paka, soma karatasi ya dawa ya viroboto kabla hujaifungua, kwa maana zenye permethrin, ambazo mbwa huzivumilia, humuua paka.

Jumamosi tulimpeleka kwa daktari wa mifugo, kliniki ya Chuo Kikuu cha Nairobi kule Kabete, ambako sisi wa Uthiru tunafika kwa mguu. Daktari alimtazama meno: ya utoto yote yalikuwa yameota, madogo na makali kama sindano, na hakuna hata moja la ukubwani. Akamkadiria wiki saba. Lile tumbo la ngoma halikuwa shibe, ni minyoo. Mtoto wa mbwa huzaliwa nayo, akaiongeza kwa maziwa ya mama yake, ndiyo maana dawa hurudiwa kila wiki mbili akiwa mdogo. Mayai ya minyoo hiyo huhitaji wiki kadhaa mchangani kabla ya kuweza kumwambukiza mtu. Hapo ndipo pana nafasi yetu: kinyesi kikiondolewa kila siku, hatari kwa watoto wanaochezea udongo hupungua sana. Akapata dawa, akaandikiwa tarehe ya chanjo ya parvo na homa ya mbwa (distemper), ambayo nayo hurudiwa kila baada ya wiki chache hadi afikishe karibu miezi minne. Ya kichaa cha mbwa, tukaambiwa tumrudishe akiwa na miezi mitatu.

Jumapili akamng'ata binti yangu kidole. Hakukusudia ubaya. Alikuwa anakula ugali na omena, mtoto akanyoosha mkono kumsukumia tonge karibu. Alama mbili, tone moja la damu.

"Mbwa mdogo hivi ana kichaa gani?" mama mkwe akaniuliza, naye aliuliza kwa nia njema, maana ndivyo alivyolelewa.

"Mama, hata mdogo anaweza kuwa nacho," nikamwambia, tayari namvuta mtoto bombani. "Hatujui mama yake aliumwa na nani."

Tuliosha kidole kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika kumi na tano, nikitazama saa ya ukutani. Dakika mbili hazitoshi, wala spiriti peke yake. Kisha tukaondoka. Hospitali ya kwanza tuliyofika ilituambia chanjo imekwisha, turudi katikati ya wiki. Sikurudi nyumbani kungoja katikati ya wiki. Tulipanda matatu nyingine, tukauliza mahali pa pili, tukaipata jioni ile ile. Ni sindano za mkononi, si zile za tumboni wanazosimulia wazee. Nilikasirika na bado nina hasira, kwa sababu mzazi asiye na nauli ya safari ya pili angerudi nyumbani na mtoto wake akangoja, na ugonjwa huu dalili zikishaonekana hauna dawa.

Wala si ugonjwa wa mbali. Mbwa wa kwanza kupatikana na kichaa nchini Kenya, mwaka 1912, alikuwa viungani mwa Nairobi hii hii. Zaidi ya miaka mia baadaye, serikali yetu imekuwa ikikadiria kwamba watu wapatao 2,000 hufa nao kila mwaka, na mpango wa taifa ulioanza 2014 umelenga kuumaliza ifikapo 2030. Shirika la Afya Duniani linasema kati ya kila watu kumi wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa, wanne ni watoto wa chini ya miaka 15. Ni wale wale wanaobeba vijibwa kwenye sweta.

Usiku ule mume wangu alitaka kumtoa. Nilimwomba asimtoe, na si kwa huruma tu. Mbwa aliyeng'ata mtu akikaa hai na mzima siku kumi machoni penu, basi siku ile hakuwa na virusi mateni, na daktari anaweza kuamua kusitisha sindano zilizobaki. Ukimfukuza au kumuua kiholela, umeipoteza habari hiyo. Siku kumi zilipita. Hata hivyo siku kumi hizo hazisemi kwamba hakuambukizwa kabisa, kwa kuwa kichaa huweza kujificha mwilini wiki nyingi, hata miezi. Kwa hiyo tarehe ya chanjo yake haikuondoka ukutani, na Simba, mbwa wetu mkubwa, tulihakikisha chanjo yake haijapitwa.

Simba na mgeni tuliwakutanisha polepole. Kwanza harufu: leso ya kijibwa tukaiweka karibu na gunia la Simba, na ya Simba tukaipeleka stoo. Baada ya wiki mbili bila kuhara wala kukohoa, wakaonana kupitia wavu wa geti. Kisha nje kwenye nyasi za barabarani, pasipo na mwenyewe, Simba kafungwa kamba iliyolegea. Alinguruma. Mume wangu akainua mkono kumchapa nikamzuia. Kunguruma ndiko kusema kwa mbwa, na mbwa anayeadhibiwa kwa kusema hujifunza kung'ata kimya kimya. Tulimsogeza kijibwa hatua tatu nyuma, tukaanza tena. Chakula walipewa mbali mbali mwezi mzima. Paka sikumlazimisha lolote, nilimwachia tu njia ya kupanda juu ya kabati.

Jirani yetu wa mlango wa pili ni Mwislamu, mzee wa watu, na mate ya mbwa kwake ni najisi inayomlazimu kuosha mara saba, moja kwa udongo. Nilikwenda kumwambia mapema, nikamwahidi kijibwa hatakaribia mlango wake wala kamba yake ya nguo. Alinishukuru. Mkeka wake wa kuswalia huanikwa upande wetu, kwa hiyo tumefunga wavu chini ya geti. Anayekaa kwenye ploti aanze kwa kuzungumza na majirani kabla hajanunua bakuli. Kama haiwezekani kabisa, KSPCA, shirika la kutetea wanyama, wana makao ya wanyama kwenye Barabara ya Lang'ata. Kumpeleka huko si kumtupa.

Mwisho wa mwezi wa tano tulirudi Kabete. Hakuwa na tumbo la ngoma tena, na ufizi wake ulikuwa wa waridi. Daktari alipomaliza kumdunga akachukua kadi, akauliza jina. Tulikuwa hatujaafikiana. Binti yangu aliomba kalamu, akaandika mwenyewe kwa herufi kubwa: OMENA.