Eti Kodi Analipa Mchina

Jamani, tuacheni tunywe kahawa kwa amani. Maji yanatoka yakijisikia, ziwa lenyewe tunaliona pale chini, sisemi kitu. Lakini kijiwe cha Makoroboi hapa Mwanza kimekamatwa asubuhi nzima na mzee mmoja anayetangaza kwamba Trump akiweka ushuru kwa bidhaa za China, "kodi analipa Mchina."

Analipaje, mzee wangu? Anapanda meli na pochi mkononi?

Ikabidi chupa ya chai ya muuza kahawa iwekwe katikati kama kielelezo. Tuseme imetoka China, imefika bandari ya Dar es Salaam ikiwa na thamani ya shilingi 10,000, bima na nauli ya meli humo humo. Ushuru wa forodha tuseme 25%: ongeza 2,500. VAT ya 18% haipigwi kwenye ile 10,000, mzee, sogea uone, inapigwa kwenye 12,500. Hapo 2,250. Jumla 14,750, na bado kuna vitozo vidogo vidogo, lori la kuja Mwanza, na faida ya mwenye duka. Mchina yuko kwao, keshachukua chake. Anayelipa forodha ni aliyeagiza mzigo, na huyo hakufungua duka kutoa sadaka.

"Hiyo ni Tanzania," mzee akasema. "Marekani wana mfumo."

Kwa ushuru wa forodha mfumo ni ule ule! Kampeni za 2024 Trump aliahidi ushuru wa 60% kwa vya China na 10 hadi 20 kwa vya wengine wote. Kiwanda kinaweza kupunguza bei kidogo kisimpoteze mteja, sikatai. Kinachobaki hugawana mwagizaji na mnunuzi.

"Na Harris, mpinzani wake, je?" Alitaka kodi ya faida ya makampuni ipande kutoka 21% hadi 28%. "Analipa nani?" Zaidi ni wenye hisa, na sehemu huwaangukia wafanyakazi, kiasi gani, wachumi wenyewe hawaelewani. "Aa! Kumbe hujui!" Mzee, shikamoo yako nilishaitoa, usinifanye niidai.

Walichokubaliana wagombea wote wawili ni kufuta kodi ya bakshishi. Sheria ikasainiwa Julai 2025: unaondoa hadi dola 25,000 za bakshishi kwenye kipato kinachotozwa. Tamu kuisikia. Ila mhudumu ambaye kipato chake hakifikii kutozwa, amesamehewa nini? Makato ya hifadhi ya jamii yako pale pale. Hapa kwetu mshahara wa 270,000 kwa mwezi haukatwi PAYE, ile kodi ya mshahara. Kamwambie mwenye nao kwamba umemfutia PAYE, uone kama atakupigia vigelegele.

Tena bakshishi zenyewe! Konda wa Igoma akikwambia "chenji utapata mbele," na mbele akashuka mlango wa nyuma kuita abiria, ile mia mbili iandikwe fungu gani? Maana risiti hatoi, na ukiulizia, daladala zima linakugeukia wewe.